Muulize Mama Tiketi: Kijana Aliyepiga Hema Mlangoni kwa Bosi

Toleo lililopita niliandika, kwa mstari mmoja tu, kwamba siku nikitaka kucheka mpaka mbavu ziniume huwa naweka filamu ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, ya mwaka 1964 iitwayo Kadhalikka Neramillai. Kumbe nimechokoza mzinga. Mhariri ameniletea barua tele na karibu zote ni za filamu hiyo, akaniomba nizijibu kwanza. Kwa hiyo nyinyi mnaouliza habari za mikanda ya zamani na bei ya mashine za picha, subirini zamu yenu.

Kwa wageni wa safu hii: nilikuwa mkata tiketi katika jumba la sinema hapa Kisumu, na marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mashine ya picha katika jumba hilo hilo. Siku hizi naishi Migosi na wajukuu. Filamu sikuzisomea popote.

*

Salamu nyingi, dada yangu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa shule ya bweni huku upande wa Bungoma, na mwalimu wetu wa hesabu alikuwa Mhindi kutoka Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai. Ijumaa, tukimaliza zoezi mapema, alitusimulia sinema ya kwao. Ninachokumbuka ni kijana aliyefutwa kazi akapiga hema mbele ya nyumba ya bosi na kumwimbia amrudishe, na mtu mwingine aliyekuwa na kampuni ya sinema isiyo na sinema. Mwalimu alikuwa akicheka kabla hajafika pa kuchekesha. Je, ndiyo hiyo uliyoitaja? Na iliishaje? Kengele ililia kabla hajamaliza, na muhula uliofuata akahamishwa.
Mstaafu, Kimilili

Ndiyo hiyo, mzee mwenzangu, na hukuchanganya kitu. Hata hiyo kampuni isiyo na sinema umeikumbuka sawasawa. Inaitwa Oho Productions, na mwenyewe ni kijana anayeitwa Chellappa. Lakini tuanze na hema, maana ndilo lililokukaa moyoni.

Kuna tajiri mmoja, Viswanathan, mwenye shamba kubwa milimani. Ana watoto watatu: huyo Chellappa na mabinti wawili, Kanchana na Nirmala, waliorudi nyumbani kutoka masomoni. Mzee anapenda pesa kuliko usingizi, na mkwe anayemtaka ni mkwe mwenye mali. Ashok ni mwajiriwa wake pale shambani. Anakosana na mabinti, maneno yanamfikia baba, na kijana anafutwa kazi. Mwingine angefungasha virago arudi kwao. Huyu anapiga hema mbele ya nyumba ya mzee, anapata vijana wa kumuunga mkono, na wanaanza kumdai kazi kwa wimbo, tena wakimtaja jina, Viswanathan, bila kumwita mzee wala bwana. Jina hilo ndilo la mmoja wa watunzi wawili wa muziki wa filamu yenyewe, M. S. Viswanathan, aliyefanya kazi na mwenzake Ramamoorthy. Kwa hiyo mimi kila nikiusikia naona kama bendi inamdai mkubwa wao mshahara.

Nimeona filamu za mapenzi za Kihindi nisizoweza kuzihesabu, na kijana wa mapenzi mara nyingi hana kazi inayojulikana. Leo yuko bustanini, kesho yuko kwenye theluji, na hakuna anayeuliza nauli katoa wapi. Hapa mapenzi yanaanzia kwenye kufutwa kazi. Nirmala anaanza kwa kumchungulia huyu mtukutu wa hema, na kuchungulia kukazaa mengine. Mwalimu wako alijua anawasimulia nini. Vijana wa bweni miaka ile, kila mmoja akiwaza atapata kazi wapi akimaliza kidato cha nne, walikuwa na sababu ya kulielewa lile hema kuliko bustani yoyote.

Baada ya hapo uongo unaingia. Ashok anajua mzee hampi binti yake mtu wa mshahara mdogo, basi anasema yeye ni mtoto wa pekee wa tajiri mkubwa aitwaye Chidambaram. Chidambaram hayupo duniani. Ikabidi atafutwe, na Ashok anamwita rafiki yake Vasu avae mvi za bandia na kuja kuwa baba yake. Vasu naye ana mpenzi. Mpenzi wa Vasu ni Kanchana, dada yake Nirmala, ndani ya nyumba ile ile. Hapo ndipo fundo linapokazwa, na wewe mtazamaji unaanza kukaa vibaya kwenye kiti.

Aliyeitengeneza ni C. V. Sridhar, na ajabu ni kwamba kabla ya hapo alijulikana kwa kuwaliza watu. Mwaka 1959 alitoa Kalyana Parisu, mwaka 1962 Nenjil Or Aalayam, ambamo daktari analetewa mgonjwa ambaye mke wake ndiye msichana aliyempenda zamani. Leso zililowa. Kisha rafiki yake tangu utotoni, Gopu, akamshikilia wafanye ya kuchekesha, wakaandika pamoja. Wakaipiga kwa rangi wakati filamu nyingi za Kitamil zilikuwa bado nyeusi na nyeupe, na kamera akashika A. Vincent. Mtu anayesema vichekesho ni kazi rahisi kwa sababu havina machozi, mpe hii aone jinsi kila jambo lilivyowekwa mahali pake na mtu aliyezoea misiba.

Milima unayoiona ni ya Anamalai, upande wa Pollachi na bwawa la Aliyar. Mwanangu alisoma uhandisi Coimbatore, mji ambao hauko mbali na huko, kama vijana wengi wa Kenya waliokwenda kusoma kusini mwa India. Ndiye aliyeniletea diski. Alipopanda basi kwenda kuliona hilo bwawa aliniandikia kwamba alipofika kwenye kona za juu, penye mashamba ya majani chai, alijihisi yuko kwenye matatu ya Nandi Hills, mpaka kondakta alipofungua mdomo.

Iliishaje? Sikuambii. Umesubiri tangu kengele ile ilie, na mimi sitaki kuwa mtu wa kukumalizia kwa mistari miwili. Mwambie mjukuu akutafutie kwenye simu, iko. Ukimaliza niandikie, maana nina swali langu mwenyewe kuhusu sura ya Viswanathan katika dakika zile za mwisho, na hapa Migosi sina wa kubishana naye.

*

Shikamoo Mama Tiketi. Nina miaka 27, naendesha bodaboda hapa Nakuru. Mchumba wangu ni mwalimu wa chekechea, kwao ni Shinyalu, Kakamega. Baba yake ni mtu mzito: ana miwa, ana fahali wa kupigana, na ameshasema hatoi binti kwa mtu asiyejulikana kwao. Baba yangu yupo hai lakini ni mlinzi wa usiku. Nina rafiki anayeuza suti za mitumba, ana mwili na anajua kuongea. Nimeitazama hiyo filamu yako mara mbili, na pale kijana alipomleta rafiki yake kuwa baba ndipo nilipopata wazo. Nakuomba ushauri wako kama mama.
Kijana wa Kaptembwa

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupongeze kwa kuuliza kabla ya kupanda gari. Pili, zima hiyo simu ukae chini unisikilize.

Uongo wa Ashok unasimama kwa sababu Viswanathan anataka kuuamini. Akisikia neno "tajiri" masikio yanaziba. Haulizi huyu Chidambaram ametoka kijiji gani, mama yake ni binti wa nani, shamba lake limepakana na la nani. Sasa wewe unakwenda Shinyalu. Umewahi kukaa na wazee wa Kiisukha siku ya kuleta barua? Kabla chai haijamiminwa umeshaulizwa ukoo. Ukiutaja ukoo, kuna mzee pembeni aliyeoa huko. Usipoutaja, ndiyo mbaya zaidi. Rafiki yako wa mitumba atajibu nini akiulizwa babu yake alizikwa wapi? Suti nzuri haijibu swali hilo.

Halafu umri. Katika filamu, Muthuraman, anayeigiza kama Vasu, amepewa mvi, amepewa sauti ya kukwama, tena amepewa mwongozaji anayekata picha kabla uso haujachunguzwa. Rafiki yako atakaa mbele ya wazee saa nne mfululizo, mchana kweupe, akitoka jasho. Mvi za bandia na jasho haviendani.

Tuseme wamekubali. Ng'ombe nani atawataja? "Baba" wako akiwa mkarimu kwa mali isiyo yake, kama nilivyoona watu wa aina hiyo walivyo, ataahidi kumi na watatu huku akikoroga chai, na watakaodaiwa ni wewe na pikipiki yako. Mwaka unaofuata shangazi wa mkeo anafariki. Kule matanga hayatumiwi salamu za simu. Utamkodi tena mtu wa mitumba aje alale kwenye turubai? Na siku ya mtoto wa kwanza, wakisema wampe jina la babu?

Itazame tena filamu, mara hii mwangalie Vasu badala ya Ashok. Mtu yuko nyumba moja na mpenzi wake, amevaa uzee, lazima akohoe na kumbariki msichana ambaye angetaka kumshika mkono. Sridhar anakuchekesha kwa kumbana Vasu kila akigeuka: mbele kuna mzee, nyuma kuna msichana, katikati mvi zinateleza. Uongo mmoja unadai mwingine kila baada ya dakika chache, na hao ni watu wanaolipwa na kampuni ya sinema kuukariri. Wewe utaukariri bure, mpaka uzeeni.

Mimi nakuambia mpeleke baba yako. Mtafutie siku ya mapumziko, alale vizuri mchana uliotangulia, avae koti lake safi, hata likiwa lile la kazini. Mlinzi wa usiku si mtu wa kufichwa. Anajua kukaa kimya na anajua kumtambua mwongo gizani, na mkweo mtarajiwa, mwenye kulala zizini kabla ya siku ya pambano ili fahali wake asije akafanyiwa kitu, atajua anaongea na mtu wa namna gani. Mwambie baba aulize jina la fahali. Asisifu, aulize tu jina, na alishawahi kupigana na nani. Wenye mafahali ukiwauliza hivyo hawakuachi uondoke, na wewe utapata nafasi ya kwenda jikoni kuwasalimia akina mama, ambao ndio watakaoamua.

Mchumba wako anajua mpango huu wa mitumba? Katika barua yako hujamtaja hata mara moja tangu ulipomaliza kueleza kazi yake.

*

Mama T, vipi. Nina banda la video Kondele. Mpira ukiisha watu wanataka filamu, na za Kihindi zinaenda vizuri kama ziko na DJ wa kutafsiri. Nilijaribu kuwawekea hiyo yako kidogo mchana, wakapiga kelele nitoe, eti ni ya zamani na hawaelewi. Nifanyeje? Niiweke na DJ?
Mwenye Banda

Ya leseni umalizane na bodi ya filamu, mimi sipo. Ya watazamaji wako nitakujibu, kwa sababu kosa liko kwenye dakika uliyoanzia.

Nilipokuwa kwenye kidirisha cha tiketi sikuwa naona picha. Nilikuwa nasikia mlango. Filamu nilizijua kwa kelele za watu kabla sijaziona: ngumi zina kelele zake, wimbo una miguu inayogonga sakafu, na kilio hakina sauti kabisa, unasikia tu watu wakivuta makamasi. Kicheko kiko cha aina mbili. Kuna kicheko cha mzaha, kinapasuka mara moja kikaisha. Kuna kingine kinachoanza na mtu mmoja nyuma, akajaribu kujizuia, wa pili akamsikia, wa tatu, na baada ya muda ukumbi mzima hauwezi kupumua ingawa hakuna aliyesema kitu kipya. Hicho cha pili ndicho kigumu kukipata, na filamu hii inacho, katika kipande kimoja.

Chellappa, aliyeigizwa na Nagesh, anataka baba yake atoe pesa za sinema. Mzee anauliza, sawa, hadithi yako ni ipi? Chellappa anaanza kumsimulia hadithi ya kutisha. Ukiisikiliza vizuri, hakuna hadithi. Kuna usiku, kuna giza, kuna kitu kinakuja, na sauti zote anazitoa yeye kwa mdomo: upepo, mlango, nyayo. Anamsogelea mzee, anamrukia, anarudi nyuma, anabadilisha uso. Lakini macho yako yakizoea, mwache Nagesh umwangalie T. S. Balaiah, anayeigiza mzee Viswanathan, kwenye kiti. Ameanza kama mwenye mali anayemsikiliza mtoto mpuuzi, kaegemea. Hasemi kitu cha maana. Kidogo kidogo anaanza kunywea. Macho yanatoka, pumzi inakwama kooni, mwili unatafuta pa kujificha ndani ya kiti chake mwenyewe, mchana, nyumbani kwake. Balaiah alikuwa ameshaigiza wabaya miaka mingi kabla ya hapo, kwa hiyo alijua woga unavyoonekana kwenye sura ya mtu, na hapa akaugeuza ukawa wake. Nagesh anakimbia chumba kizima, na kicheko chote kinatoka kwa aliyekaa.

Kipande hicho hakihitaji Kitamil. Mjukuu wangu wa darasa la pili, ambaye hata maandishi ya chini ya skrini hakuweza kuyafuata, alianguka kutoka kwenye kochi.

Sasa kuhusu DJ. DJ Afro amejenga jina lake kwa kazi hiyo, na namheshimu. Kuna filamu za ngumi ambazo yeye amezitendea wema kuliko waliozitengeneza. Lakini hapa Chellappa ndiye DJ. Ukimweka msimulizi juu ya msimulizi watu wako watasikia kelele tu. Fanya hivi: mtafute kijana wako wa kipaza sauti aeleze mwanzo, kuhusu shamba, hema na baba wa bandia, kwa Kiswahili cha Kondele na matusi yake madogo. Chellappa anapofungua mdomo kusimulia, kijana azime kipaza sauti. Kabisa. Na wewe simama mlangoni usikilize. Ukisikia mtu mmoja wa nyuma anaanza kujizuia, umewapata.

Na uanzie hapo siku ya kwanza, kipande kile peke yake, wakati wa mapumziko ya mpira. Watauliza wenyewe kilichotangulia.

*

Mama Tiketi, nyanya yangu anasema umekosea, hiyo filamu ni ya Kihindi, yupo mchekeshaji Mehmood, na aliiona hapa Kisumu akiwa msichana. Tumegombana mezani. Nani mkweli?
Binti wa Milimani, Kisumu

Mpe nyanya samaki kichwa, yeye ni mkweli, na mimi pia. Mwaka 1966 Sridhar mwenyewe aliirudia kwa Kihindi ikaitwa Pyar Kiye Jaa, na Kishore Kumar, Shashi Kapoor na huyo Mehmood wake. Kampuni ya Chellappa ikabadilika jina ikawa Wah Wah Productions, na Om Prakash ndiye aliyekaa kwenye kiti cha kutishwa. Mehmood alipata tuzo ya Filmfare kwa kazi ile. Rajasree, aliyekuwa Nirmala kwa Kitamil, akarudi tena kwa Kihindi. Katikati, mwaka 1965, kulikuwa na ya Kitelugu, lugha nyingine ya kusini mwa India.

Wahindi wa Kisumu wengi asili yao ni Gujarat na Punjab, waliofuata reli mpaka ikafika ziwani mwaka 1901 na wenye maduka waliokuja nyuma yao. Filamu zilizoletwa kwa ajili yao zilikuwa za Kihindi. Za Kitamil hazikuwa na mteja hapa. Ndiyo maana nyanya aliiona moja, na yule mwalimu wa Bungoma akawa anaibeba nyingine kichwani.

Ukiniuliza ipi bora, nitasema Mehmood anachekesha zaidi na Nagesh anatisha zaidi, na kwa kipande kile nataka anayetisha. Nyanya akikataa mwambie aje Migosi, nitaweka zote mbili.

*

Mama, sisi ni wanafunzi watatu wa Maseno, tumeanzisha kampuni ya filamu. Tuna simu moja yenye kamera nzuri na jina la kampuni. Hatuna pesa wala hadithi. Je, tunafanana na Chellappa? Na utakubali kuigiza nyanya yetu?
Wakurugenzi

Mnafanana naye kwa yote isipokuwa baba mwenye shamba. Chellappa ana bango, ana cheo, ana hata mwigizaji wa kike, binti wa meneja wa baba yake, anayeigizwa na Sachu, na bado hana picha moja aliyopiga. Watu wa sinema wa Madras walikuwa wakijicheka wenyewe pale.

Nagesh aliyemwigiza alikuwa karani wa reli kabla ya sinema. Alikuwa mwembamba, uso una makovu ya ndui, si sura ambayo mtayarishaji angeitafuta. Mwaka huo huo wa 1964 alitoka pia kama shujaa mkuu katika Server Sundaram, mhudumu wa hoteli anayekuwa nyota. Nawaambia hivi kwa sababu katika barua yenu mmeeleza kamera na hamkusema nani kati yenu anajua kuigiza.

Nyanya nitaigiza. Nauli ya kutoka Migosi mtalipa nyinyi, chakula cha mchana kiwe samaki, na hadithi niione kwenye karatasi kabla sijavaa leso. Sisimuliwi kwa mdomo.

*

Za haraka haraka.

Msomaji wa Ahero: ni kweli, mwigizaji Kanchana alikuwa mhudumu wa ndege kabla ya kuigiza. Na katika filamu anaitwa kwa jina hilo hilo.

Msomaji wa Vihiga: anayeigiza Ashok ni Ravichandran, na hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza. Alizaliwa Kuala Lumpur akaenda India kusomea udaktari. Hakuumaliza, na wagonjwa hawakupoteza mengi, maana kijana alikuwa anajua kucheza.

Msomaji wa Section 58, Nakuru: wimbo wa ufukweni, Kanchana na Muthuraman wakitembea, ulipigwa Marina, Madras. Sauti ya kiume ni ya K. J. Yesudas, akiwa bado kijana mbichi katika kazi hiyo, na ya kike ni ya P. Susheela. Mume wangu, ambaye hakujua neno la Kitamil, aliuimba wimbo ule akinyoa ndevu, maneno yote akiyatunga mwenyewe.

Msomaji wa Mumias aliyeuliza kama naweza kumwazima ile diski aliyoniletea mwanangu kutoka Coimbatore, na kwamba atairudisha baada ya Krismasi: hapana.